Bolti Kuingia si Kushika: Swali la Kufunga Shokapu Mpya kwenye Gari la Zamani

Mwenye gari la zamani akiamua kubadilisha shokapu, mazungumzo yake yote huwa juu ya majina. Bilstein au Koni? KYB au Monroe? Za gesi au za mafuta? Atauliza marafiki, atalinganisha bei, atasubiri mzigo kutoka Ulaya au Dubai. Boksi linafika, shokapu zinatoka zikiwa na rangi mpya, na pembeni kuna kifuko chenye nati, washa na raba chache, au hakuna kifuko kabisa. Wakati huo gari liko juu ya stendi. Shokapu za zamani zimeshatolewa, na bolti moja imekatwa kwa grainda kwa sababu kutu ilikuwa imeifungia humo humo. Fundi anavuta kopo la bolti kuukuu, anachagua, anajaribu, anachagua tena, kisha anasema: "Bosi, hii imeingia."

Mimi naona kopo hilo ndilo linaloamua matokeo ya kazi nzima kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Shokapu ya kawaida iliyoshikwa sawasawa italituliza gari. Shokapu ya bei mbaya iliyoning'inizwa kwenye bolti nyembamba kuliko tundu lake itagonga, itatafuna mabano, na siku moja itaachia. Hata hivyo, maduka yetu yana mtu wa kukushauri kuhusu shokapu, na ni nadra kumpata wa kukushauri kuhusu bolti yake.

Tuanze na kazi yenyewe. Shokapu ya kawaida haibebi gari. Uzito uko juu ya springi. Shokapu ipo kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kukandamizwa. Inafanya hivyo kwa kuyalazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na nguvu yote inayozaliwa humo lazima itoke kupitia ncha mbili tu: moja kwenye ekseli au mkono wa gurudumu, nyingine kwenye chasisi au bodi. Kwenye gari dogo, gurudumu likipigwa ghafla, nguvu hiyo inaweza kufika nyutoni 2,000 au 3,000, yaani karibu na uzito wa kilo 200 hadi 300. Tena haikai upande mmoja. Inavuta, inasukuma, inavuta tena. Bodi ya gari hupanda na kushuka mara moja au moja na nusu kwa sekunde, lakini gurudumu kwenye mikunjo midogo ya barabara ya vumbi hurukaruka mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Saa moja ya barabara kama hiyo inazivuta na kuzisukuma ncha hizo zaidi ya mara 30,000.

Sasa weka hapo bolti iliyopwaya robo tatu ya milimita. Miondoko mingi ya gurudumu ni ya milimita chache. Sehemu ya milimita hizo ikiishia kwenye uwazi wa bolti, shokapu inakuwa haijaanza hata kufanya kazi, na uwazi ukiisha chuma kinagonga chuma. Mwenye gari anasikia ko-ko-ko kutoka chini, anarudi dukani kulalamika kuwa ameuziwa shokapu mbovu. Kumbe shokapu ni nzima, ila haijashikwa.

Kwa nini hili liwe tatizo la magari ya zamani hasa? Gari la juzi bado lina bolti zake za kiwandani, na kampuni yoyote inayotengeneza shokapu yake inazifuata hizo hizo. Gari la miaka 50 limepitia mikono mingi. Land Rover ya Series iliyotoka Solihull huenda ilianza kwenye idara ya serikali, ikaenda misheni, ikafanya kazi shambani, ndipo ikamfikia mtu anayeipenda kwa uzee wake. Kila mmoja ameiachia bolti zake. Ukiikagua, anza kwa kudhani kwamba hakuna bolti hata moja ya shokapu iliyo ya asili, mpaka uithibitishe kwa kipimo. Kwa hiyo unakuta pande tatu ambazo hazikuwahi kukaa pamoja: kiwanda kilichochora mabano, kampuni iliyotengeneza shokapu miaka mingi baadaye, na fundi wa katikati aliyepanua tundu ili bolti ya lori ipite.

Katalogi nazo zina sehemu yake. Huandika jina la gari na miaka, kana kwamba gari halikubadilika katikati. Volkswagen Beetle ni mfano mzuri. Mpaka modeli za 1965 shokapu yake ya mbele ilikuwa na jicho juu na jicho chini. Modeli za 1966 zilikuja na boljointi mbele, na ncha ya juu ya shokapu ikawa pini yenye uzi inayosimama wima. Mtu akiagiza "shokapu za mbele za Beetle" bila kutazama ekseli yake, anaweza kuletewa kitu kizuri kabisa ambacho hakina mahali pa kufungwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi, lala chini ya gari utazame ncha zilivyo.

Ncha zenyewe ni za namna tatu kuu. Ya jicho ni duara la chuma lenye bushi ya mpira, na katikati ya bushi kuna bomba dogo la chuma ambamo bolti hupita. Ya pini husimama wima na kupita kwenye tundu la bodi au ekseli, ikishikwa na raba mbili, moja juu na moja chini ya bati, na washa za kikombe zinazozifinya. Ya tatu, ambayo magari mengi ya Kimarekani yanayo, ni kipande cha chuma kilichopita katikati ya bushi, chenye tundu kila upande kwa bolti mbili. Kila moja ina ugonjwa wake, na ya jicho ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu kwa macho majicho yote yanafanana.

Jicho hutakiwa kupimwa mara tatu: kipenyo cha tundu la bomba la ndani, urefu wa bomba hilo, na nafasi kati ya masikio ya mabano. Kanuni ambayo wengi hawaijui ni hii: bolti ikikazwa, masikio ya mabano yanatakiwa kulibana bomba la ndani kwa nguvu mpaka lisizunguke kabisa. Mzunguko wote wa shokapu huchukuliwa na mpira, ambao hujipinda kidogo na kurudi. Tuseme nafasi ya mabano ni milimita 38 na bomba ni milimita 35. Fundi atakaza mpaka masikio yapinde kwa ndani na kulifikia bomba. Gari litatoka gerejini kimya. Lakini chuma kilichopindwa namna hiyo kinakaa na mvutano muda wote, na ufa huanzia kwenye kona ya mchomeleo. Milimita hizo 3 zinajazwa kwa washa ngumu ya milimita 1.5 kila upande, basi. Bomba likiwa refu kuliko nafasi, linapunguzwa kwa tupa au kwenye mashine ya kuchongea, sawasawa pande zote mbili. Mabano yasitanuliwe.

Kuna pia mabano ya upande mmoja, ambapo jicho linavaa kwenye pini iliyojitokeza bila sikio la pili. Ncha ya chini ya shokapu za Land Rover ya Series iko hivyo: pini kwenye bati la chini ya springi, washa, na pini ndogo ya kukunja inayopita kwenye tundu. Pini ya namna hii hupindwa na kila mshtuko, na kadiri jicho linavyokaa mbali na mzizi wake ndivyo inavyopindwa zaidi. Shokapu mpya yenye bushi pana kidogo ikisukumwa nje kwa washa mbili tatu "ili isiguse springi", mkono wa kupinda umeshaongezeka. Nimeona pini za namna hiyo zimekatika kwenye mzizi kabisa, uso wa mkatiko ukiwa laini na mweusi kwa sehemu kubwa na kipande kidogo tu chenye kung'aa. Ule weusi ni ufa uliokuwa ukitembea miezi mingi. Kile kipande cha kung'aa ndicho kilichokuwa kimebaki kushikilia kazi yote.

Uzi

Hapa ndipo penye utajiri wa matatizo, na hapa ndipo ningemwomba msomaji atulie.

Waingereza walikuwa na uzi wao. Joseph Whitworth alipendekeza kipimo chake mwaka 1841, chenye pembe ya digrii 55, na uzi mwembamba wa BSF ukafuata mwaka 1908. Vita Kuu ya Pili ilionyesha hasara ya washirika kutoweza kubadilishana hata nati, na mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana juu ya uzi mmoja wa inchi wenye digrii 60. Ndio tunaoujua kwa herufi UNC kwa uzi mpana na UNF kwa uzi mwembamba. Viwanda vya magari vya Uingereza vilihamia huko polepole. Kwa hiyo Land Rover za mwanzo, zilizoanza 1948, zina BSF nyingi. Za baadaye zina UNF. Na katikati yapo magari yenye vyote viwili chini ya bati moja. Wajerumani, Wafaransa na Wajapani walitumia milimita, lakini hata hao hawakulingana: bolti ya milimita 10 ya Kijapani kwa kawaida ina hatua ya 1.25 kati ya uzi na uzi, ya Kijerumani ina 1.5.

Spana nayo haikuambii ukweli. Injini za MG za aina ya T, kwa mfano, zilikuwa na uzi wa milimita huku vichwa vya bolti vikiwa vya spana ya Whitworth, kwa sababu Morris ilirithi mitambo ya kiwanda cha Kifaransa cha Hotchkiss kilichokuwa Coventry. Spana kukaa vizuri kwenye kichwa hakusemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya nati.

Uzi usiolingana unapogoma, hakuna hatari kubwa. Bolti ya 1.5 kwenye nati ya 1.25 itazunguka mara mbili tatu kisha itakwama, na fundi mwenye busara atairudisha. Hatari ni uzi unaokubali. Chukua bolti ya milimita 12 yenye hatua ya 1.25, ambayo imejaa kwenye magari ya Kijapani, halafu itie nati ya nusu inchi ya UNF, yenye nyuzi 20 kwa inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, na nyuzi 20 kwa inchi ni hatua ya milimita 1.27. Tofauti ya hatua ni mbili tu katika mia moja ya milimita, kwa hiyo nati inapanda bila kulalamika mpaka mwisho. Lakini bolti ni nyembamba kwa milimita 0.7, na meno yake yanayashika meno ya nati kwa ncha tu, chini ya nusu ya kina kinachotakiwa. Ukiikaza kwa kiasi itakubali, na utaamini kazi imekwisha. Siku ikipata mzigo, meno yananyolewa yote kwa pamoja na nati inatoka ikiwa na kama springi nyembamba ya chuma ndani yake.

Kwenye kopo la gereji, bolti na nati hizo mbili hulala pamoja, zikiwa na kutu ya rangi moja.

Kuzitambua hakuhitaji mtambo. Kalipa inatosha kwa kipenyo, na kipimo cha uzi, yale majani madogo yenye meno, hakina bei kubwa. Ukikosa vyote, shika bolti unayoijua dhidi ya ile usiyoijua, uzi kwa uzi, uinue kuelekea mwanga. Zikiwa sawa, meno yanalalana kwa urefu wote na mwanga haupiti. Zikitofautiana, utaona mwanya ukianza jino la tano au la sita na kukua. Nati nayo ijaribiwe kwa vidole: inatakiwa ipande mpaka mwisho bila spana, na ukiwa nusu njia ukiitikisa isichezecheze. Nati inayochezacheza, hata kama ni mpya, irudi ilikotoka.

Kuhusu tundu la nusu inchi kwenye bushi na bolti ya milimita 12 mkononi, mtindo wa kuzungushia kipande cha kopo la soda ili kuziba pengo uachwe. Bati hilo laini linatafunika baada ya muda mfupi na pengo linarudi, safari hii likiwa na vumbi la chuma ndani. Tafuta bolti ya nusu inchi ya kweli. Au, kama mabano ndiyo ya milimita 12, mpelekee fundi wa kuchonga chuma akutengenezee bomba jipya la ndani lenye tundu la milimita 12 kamili. Kazi ya kuchonga bomba ni rahisi, na mafundi wetu wanaiweza vizuri sana. Bolti yenyewe usichongeshe. Chuma cha nondo au cha shafti isiyojulikana hakina daraja, na huwezi kukipima kwa macho.

Daraja ndilo limeandikwa kichwani. Bolti ya milimita yenye 8.8 inavumilia mvutano wa megapaskali 800 kabla ya kukatika, na huanza kunyooka moja kwa moja ifikapo takriban 640. Ya 10.9 ina 1,000 na 900. Kwenye bolti za inchi, mistari mitatu kichwani ni daraja la 5, mistari sita ni daraja la 8. Kichwa kisicho na alama yoyote kichukuliwe kuwa cha chuma laini, kinachofaa geti na kitanda. Kwa shokapu, 8.8 au daraja la 5 kwa kawaida hutosha. Wanaoandaa gari kwa maonyesho kama Africa Concours d'Elegance ya Nairobi hupenda bolti za chuma kisichoshika kutu kwa sababu zinang'aa. Lakini ile ya kawaida yenye alama A2-70 huanza kunyooka kwenye 450. Inapendeza kwenye kifuniko cha taa. Chini ya gari ningeweka chuma cha 8.8 kilichopakwa zinki, na mafuta kidogo ya kuzuia kutu.

Jambo la mwisho kwenye bolti: sehemu yake laini isiyo na uzi ndiyo inayotakiwa kukaa ndani ya masikio ya mabano, uzi uanzie nje. Bolti iliyochongwa uzi mpaka kichwani hukaa kwenye tundu kwa ncha za meno, na meno hayo hufanya kazi ya tupa. Mara nyingi dawa ni kununua bolti ndefu zaidi yenye shingo laini ya kutosha, kisha kukata ncha inayozidi.

Na wapi utaipata? Kwa milimita, Gerezani kule Dar es Salaam na Kirinyaga Road kule Nairobi kuna kila kitu, mradi uende na kalipa yako. Kwa inchi, watu wengi hukata tamaa mapema na kuagiza Uingereza bolti nne kwa bei ya shokapu moja. Kabla ya hapo, ingia maduka ya spea za matrekta. Massey Ferguson 135 na ndugu zake wa Coventry wamejaa UNF na UNC, na miji ya kilimo kama Arusha, Morogoro na Nakuru haijawahi kuacha kuuza bolti zao. Wauzaji wa spea za mitambo ya Caterpillar nao huwa na bolti za inchi za daraja la 8. Mwenye MG au Land Rover anayezunguka maduka ya magari madogo akitafuta nusu inchi anajichosha bure, wakati muuza spea za trekta anayo kwenye droo ya tatu.

Mpira na mkono wa kukaza

Nguvu ya kukaza si suala la ubabe. Bolti ya milimita 10 ya daraja la 8.8 huchukua karibu nyutonimita 45 hadi 50, ya milimita 12 karibu 80 hadi 85, kama kitabu cha gari hakisemi vingine. Bolti iliyokazwa kwa kiwango chake inakaa imevutika kama springi ngumu sana, na mzigo unaobadilika barabarani hauigusi sana, kwa kuwa msuguano kati ya mabano na bomba ndio unaobeba. Bolti iliyolegea hubeba kila pigo peke yake. Ndiyo sababu bolti nyingi zilizokatika kwenye shokapu zilianza kwa kulegea.

Lakini swali la lini kukaza ni kubwa kuliko la kiasi gani, na hapa gereji nyingi hukosea. Gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia. Ukikaza bolti ya jicho hapo, mpira wa bushi unafungwa ukiwa kwenye pembe hiyo. Gari likishuka chini, mpira unakuwa umeshapindwa kabla safari haijaanza, na kila mtikisiko unaongeza juu ya hapo. Bushi mpya inachanika kwa miezi michache, na lawama zinaenda kwa kampuni. Zifunge kwa mkono, teremsha gari lisimame kwa uzito wake, litikise kidogo, ndipo ukaze. Kama hakuna shimo la kuingia chini, weka jeki chini ya ekseli mpaka springi zibebe gari.

Bushi za poliyurethani hazifungwi na sharti hilo kwa sababu bomba lao huzunguka ndani kwa grisi, kama mlango kwenye bawaba. Zinadumu, haziliwi na mafuta. Kasoro yake ni kwamba hazikubali kupinda pembeni kama mpira, na kwenye ekseli ya springi za majani, ambayo hulala upande mmoja kila gurudumu moja likipanda jiwe, ugumu huo huishia kwenye pini. Kwa Land Rover ya barabara za mashambani ningebaki na mpira.

Ncha ya pini haikazwi kwa nyutonimita nyingi. Inakazwa mpaka raba zivimbe zilingane na ukingo wa washa za kikombe, au nati ifike kwenye kituo chake kama pini ina bega. Ukizidisha, raba zinakuwa ngumu kama bati na pini inalazimika kupinda, ukipunguza, inagonga. Nati iwe mpya, yenye pete ya nailoni, au nati mbili zilizofungiana. Na mwili wa pini usizungushwe kwa koleo kwenye sehemu inayong'aa: mkwaruzo mmoja pale utaichana sili, na mafuta yatatoka.

Urefu nao usisahaulike. Shokapu isiwe ndiyo kituo cha mwisho cha ekseli, juu wala chini. Ipime gari likiwa limekandamizwa mpaka kwenye raba ya kituo, na ekseli ikiwa imening'inia. Kila upande ubaki na akiba ya angalau sentimita moja. Wanaoinua gari kwa springi ndefu na kuacha shokapu fupi hufanya ekseli nzima, na magurudumu yake, ining'inie kwenye pini ya raba kila gari linaporuka tuta.

Pale ambapo shokapu si shokapu tu

Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, haina mabano ya kuchokonoa. Shokapu yake imo ndani ya mguu wa saspensheni, mbele na nyuma. Kiwandani, pistoni na mafuta vilikaa moja kwa moja ndani ya bomba la mguu huo. Shokapu za kisasa huja kama kartriji iliyofungwa, inayotumbukizwa humo na kubanwa kwa nati kubwa ya duara juu. Tangu East African Safari Classic ianze mwaka 2003 magari ya enzi hiyo yamerudi kwenye barabara zetu, na swali la kartriji limerudi nayo. Kartriji ikiwa fupi kuliko bomba, nati inafika mwisho wa uzi wake bila kuigusa, na shokapu nzima inapanda na kushuka ndani ya mguu. Dawa ni kipande cha bomba la chuma kilichochongwa kwa urefu kamili na kuwekwa chini yake, nati ikikaza kartriji kabla haijagusa ukingo wa mguu. Kisha humiminwa mafuta kiasi kuzunguka kartriji, ili joto lipate njia ya kutoka nje. Nati hiyo nayo lazima ilingane na kartriji, kwa kuwa tundu lake la juu ndilo linaloipitisha fimbo ya pistoni. Mara nyingi hufunguliwa kwa spana ya bomba, na mara nyingi huharibika. Basi agiza nati pamoja na kartriji.

Mgogoro mkubwa zaidi uko kwenye magari yenye shokapu za mkono za Armstrong, kama Morris Minor ya 1948 hadi 1971 na MGB ya 1962 hadi 1980. Hizo ni sanduku la chuma lenye mafuta, lililofungwa kwenye chasisi, na mkono unaotoka pembeni kwenda kwenye ekseli. Wenye magari haya wengi huota shokapu za kawaida za bomba, na seti za kubadilishia zipo. Tatizo ni kwamba seti inakupa shokapu kwenye gari ambalo halikuchorewa mahali pa kuifunga.

Kwa nyuma ya MGB, mabano ya seti hushika matundu mawili ya bolti za Armstrong kwa juu na bati la chini ya springi kwa chini. Matundu hayo mawili yalitengenezwa kubeba nguvu ya mkono, kwa hiyo chasisi hapo ni imara. Ukitumia yote mawili, kwa bolti za UNF za daraja lenye alama, mzigo unakaa mahali pake. Pembe ndiyo inayopunguza faida. Nguvu ya kutuliza inayofika kwenye gurudumu hupungua haraka shokapu inapolala: ikiegemea digrii 30 kutoka wima inabaki takriban robo tatu, ikifika digrii 45 inabaki nusu. Shokapu kali inayouzwa kwa sifa inaweza kufanya kazi ya shokapu laini, kwa sababu tu mabano yaliilaza.

Mbele hali ni nyingine kabisa. Mkono wa Armstrong ndio mkono wa juu wa saspensheni yenyewe. Ukiuondoa bila kuweka mkono mwingine, gurudumu halina kinachokishika kichwa chake. Seti nyingine huliacha sanduku la zamani libaki kama kiungo, valvu yake ikitolewa na mafuta yakibaki kulainisha, halafu shokapu ya bomba huongezwa pembeni. Yaani unabaki na uchakavu wote wa shafti ya Armstrong na juu yake unaongeza mabano kwenye bati la bodi. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mambo mawili: mabano ya juu yanashika chuma gani, na je, kuna bolti inayopita upande wa pili wa chuma hicho au ni bati tu lililochomelewa juu ya bati? Akishindwa kujibu, ifanyiwe Armstrong ukarabati, shafti na sili mpya, mafuta safi, na irudishwe kwenye bolti zake zile zile.